Kutukuta na kuwa mtukutu

Mwaka jana dada yangu alinitumia picha ya ripoti ya mwanawe, mvulana wa darasa la tatu. Alama zilikuwa nzuri, Hisabati zaidi, lakini chini kabisa, kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu wa darasa, palikuwa na maneno matatu: "Ni mtukutu. Arekebishwe." Dada alikuwa ameyasoma kama mashtaka. Kwake mwanawe alikuwa ameshaandikwa miongoni mwa wakorofi, na jioni hiyo mtoto hakutoka nje kucheza.

Mama yetu alikuwa pembeni akipepeta mchele. Aliomba asomewe kilichoandikwa, akasikiliza, akaendelea kupepeta. Kisha akasema, "Sasa hilo nalo ni kosa? Mtoto anatukuta huyo. Mjomba wake alikuwa hivyo hivyo, hakai."

Kazi yangu ni kusahihisha miswada, kwa hiyo maneno ya namna hii hayaniachi nilale. Wawili hao walisikia neno lenye mzizi mmoja, mmoja akasikia tabia mbaya, mwingine akasikia mwili unaochezacheza. Wote wawili wana Kiswahili kizuri, wote wanaungwa mkono na kamusi. Kamusi zetu hukipa kivumishi hiki, -tukutu, maana ya asiyetulia, na pia maana ya mtundu au msumbufu. Tatizo ni kwamba maana hizo mbili zimeanza kuachana, na anayelipa gharama ya kuachana kwake mara nyingi ni mtoto wa miaka minane.

Tuanze na kitenzi. Kutukuta ni kuwa na mwendo mdogo mdogo usiokoma: kisigino kinachogonga sakafu, vidole vinavyopapasa ukingo wa meza, shingo inayogeuka kila mlango unapolia. Kiswahili kina ukoo mzima wa vitenzi vya kutikisika kwa wepesi, na vingi vimejengwa kwa sauti t: tetema, tetemeka, tikisika, tapatapa, tukuta. Ukivitamka kwa kufuatana unausikia ulimi wenyewe ukigongagonga nyuma ya meno. Lakini vitenzi hivyo havibadilishani nafasi ovyo, na tofauti zake ndizo zinazotufungulia kivumishi chetu.

Anayetetemeka ana sababu tunayoweza kuitaja: baridi, hofu, homa inapopanda. Ukimfunika blanketi au hatari ikipita, anaacha. Kinachotikisika kimetikiswa, kuna mkono au upepo nyuma yake, ndiyo maana tunasema mti umetikisika wala hatusemi umetukuta. Kutapatapa ni kupigania uhai au kutafuta pa kushika. Samaki aliyetupwa mchangani hutapatapa, na wahenga wakasema mfa maji haachi kutapatapa. Kupapatika ni kwa mabawa, ni kwa ndege aliyenaswa au kuku aliyeshikwa miguu. Kutukuta hakuna lolote kati ya hayo. Hakuna baridi, hakuna mkono, hakuna maji ya kumzamisha mtu. Mwendo unatoka ndani, na mwenye nao mara nyingi hajui kama anautoa. Mwulize mtoto, "Mbona unatikisa mguu?" atauangalia mguu wake kwanza, ndipo akujibu.

Anayetaka kuliona neno kwa macho amtazame kuku mwenye yai anayetafuta mahali pa kutagia. Anaingia chumbani, anachungulia uvunguni, anasimama mguu mmoja hewani, anatoka, anarudi. Haogopi chochote, wala hakuna anayemfukuza. Hakai tu. Watu wa pwani na bara kwa pamoja humwambia mtu asiyetulia kwamba anahangaika kama kuku anayetaka kutaga, na sijapata mfano unaoikaribia zaidi maana ya asili ya kutukuta.

Sasa kivumishi. Kiswahili hakina vivumishi vingi vya asili. Sifa nyingi tunazieleza kwa -enye, kwa -a unganifu au kwa kitenzi chenye kirejeshi. Lakini tuna njia ya zamani ya kutengeneza kivumishi kutokana na kitenzi, kwa kukifunga kwa irabu u. Tulia hutupa -tulivu, nyamaa hutupa -nyamavu, sikia -sikivu, legea -legevu, changamka -changamfu. Tukuta imefuata njia hiyo hiyo, tena kwa mkato, kwani hapa ni irabu ya mwisho tu iliyogeuka: tukuta, -tukutu. Kwa hiyo -tukutu na -tulivu ni ndugu kwa umbo na wapinzani kwa maana, mmoja wa mwili unaokaa na mwingine wa mwili usiokaa.

Hapo katika kugeuka kwa irabu moja ndipo kuna jambo kubwa ambalo watumiaji wengi hatuliangalii. Kitenzi hueleza kinachotokea, kivumishi hueleza mtu alivyo. Nikisema mtoto ametulia, nimesema habari ya saa hii. Baada ya chai anaweza kuwa juu ya mwembe. Nikisema ni mtulivu, nimemtolea ushahidi wa maisha. Vivyo hivyo "anatukuta" ni habari ya goti lake katika kipindi cha Hisabati, na "ni mtukutu" ni habari ya yeye mzima, leo na kesho, darasani na nyumbani. Mama yangu alikirudisha kivumishi cha mwalimu kwenye kitenzi chake, na kwa kufanya hivyo alilipunguza shtaka hadi likabaki goti.

Yeye aliweza kwa sababu bado ana kitenzi hicho mdomoni. Vijana ninaofanya nao kazi Dar es Salaam wote wanalijua neno mtukutu, na nikiwauliza kutukuta ni kufanya nini, wengi wananijibu, "Si kufanya utukutu?" Yaani wanakitafuta kitenzi kupitia jina, kinyumenyume, kwa kuwa kitenzi chenyewe hawakukisikia nyumbani. Naamini hiki ndicho chanzo kikubwa cha maana kuhama. Kivumishi ambacho kitenzi chake kiko hai hakiendi mbali. Mtu hawezi kuanza kutumia -sikivu kwa maana ya tajiri, kwa sababu sikia iko hapo kila siku ikimrudisha. Ila -tukutu imeachwa peke yake, na neno likiachwa peke yake huchukua rangi ya maneno linayokaa nayo. Hilo limekaa na ukorofi, ukaidi na ujeuri kwenye midomo ya wazazi wenye hasira na walimu waliochoka, likafanana nayo.

Inafaa basi kuyatenganisha. Mkaidi ameambiwa, ameelewa, na amekataa. Mjeuri amekataa na ameongeza maneno. Mkorofi anataka mwenzake aumie au jambo liharibike. Mchokozi anamwanza asiyemwanza. Mtundu ni mwingine kabisa: mikono yake inataka kujua, atafungua redio ya babu aone sauti inatoka wapi, na si ajabu kwamba Tanzania siku hizi neno hilo limepata heshima, fundi anayebuni vitu akaitwa mtundu kwa kusifiwa. Katika hao wote, hakuna hata mmoja anayeelezwa kwa namna mwili wake unavyokwenda, isipokuwa mtukutu. Wengine wana nia, yeye ana mwendo. Mtoto anaweza kuwa mtukutu na mtiifu kwa wakati mmoja: ukimwambia akae anakaa, na akiwa amekaa bado anachezacheza.

Liko neno jingine lililoanzia karibu na hapo hapo likapata bahati tofauti: machachari. Nalo ni la asiyetulia, wa huku na huku. Halichukui kiambishi, ni mtoto machachari, watoto machachari. Watangazaji wa mpira walilidaka, na leo winga machachari ni yule anayemkosesha beki usingizi, jezi ikipepea, haonekani amesimama mahali pamoja kwa dakika. Watangazaji hao hao wakisema mshambuliaji mtukutu, wanakusudia mchezaji wa kadi nyekundu na ugomvi na kocha. Maneno mawili ya kutotulia: moja limepewa kipaji, jingine limepewa kesi. Ukitaka kumsifu mtoto wa jirani kwa uchangamfu wake, chukua machachari, utakunywa chai kwa amani.

Mapepe nayo ni ya wepesi, ila wepesi wake ni wa mtu asiyeshikika, anayerushwa na kila upepo. Ninailalamikia kidogo, kwa kuwa inatupiwa wasichana kuliko wavulana. Kijana wa kiume anayetembea huku na huku ni mchangamfu, dada yake akifanya vivyo hivyo ana mapepe. Hakuna sababu ya kisarufi kwa hilo.

Mchecheto ni jina, si kivumishi, lakini ukimwambia mtu atafute neno la Kiswahili kwa ule wepesi wa wasiwasi kabla ya jambo kubwa, ndilo la kwanza litakalomjia. Mtu hupata mchecheto, huingiwa na mchecheto. Timu ina mchecheto kabla ya fainali, bwana harusi ana mchecheto na kanzu imeshanyooshwa toka asubuhi. Tofauti na utukutu, mchecheto una tarehe. Jambo likishapita nao unakwisha, na hakuna aliyewahi kuitwa kwa mchecheto wake maisha yote.

Kiherehere ndicho kinachonihuzunisha zaidi, maana safari yake inaonyesha wazi -tukutu inaelekea wapi. Zamani kiherehere kilikuwa cha moyo. Kiherehere cha moyo kilikuwa mapigo ya haraka, moyo kudundadunda kwa hofu au kwa shauku, kitu kinachompata mtu kifuani bila hiari yake. Kamusi bado zimeihifadhi maana hiyo. Lakini leo ukimwambia mtu wa Dar es Salaam au Mombasa kwamba ana kiherehere, umemtukana: ni mtu wa kimbelembele, anayejitia kwenye yasiyomhusu, anayejibu kabla hajaulizwa. Neno lilihama kutoka kifuani likaenda kwenye tabia. Mpigo wa moyo ukawa kosa la adabu. Sasa mtu akitaka kueleza moyo unaokwenda mbio inambidi atumie maneno manne, kwa sababu lile moja limeshakuwa tusi.

Na -tukutu imeshafika mbali katika safari ya namna hiyo. Vichwa vya habari vya Kenya husema wabunge watukutu kwa maana ya waliokaidi msimamo wa chama, na hakuna msomaji anayefikiria kwamba wabunge hao wanatikisa miguu. Shule zinazopokea watoto waliotiwa hatiani na mahakama, nchini Tanzania jina lake rasmi ni shule za maadilisho, ila mitaani zimeendelea kuitwa shule za watoto watukutu. Wanaoshughulika na haki za watoto wameligundua hilo. Tangu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, lugha ya mahakama na ya ustawi wa jamii imekuwa ni mtoto aliyekinzana na sheria. Tungo ni ndefu, haina ladha, na mimi kwa kawaida ni adui wa tungo za aina hiyo. Lakini hii naikubali, kwa sababu inasema mtoto alifanya nini na haisemi yeye ni nani. Imefanya kwa maneno manne kile ambacho mama yangu alikifanya kwa "anatukuta".

Si Waswahili peke yetu tulioteleza hapa. Mwaka 1902 huko London, daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara mbele ya madaktari wenzake kuhusu watoto wenye akili ya kawaida ambao hawakuweza kujizuia wala kutuliza mawazo yao. Aliieleza hali hiyo kuwa ni kasoro katika udhibiti wa kimaadili. Alichokitazama ni mwili na umakini, alichokiandika ni maadili. Iliwachukua madaktari miongo mingi kukitoa kitu hicho kwenye safu ya tabia na kukiweka kwenye safu ya ukuaji wa ubongo, na leo kinajulikana duniani kwa kifupisho ADHD. Nataja hili kwa uangalifu: si kila mtoto mtukutu ana hali hiyo, na ripoti ya shule haiwezi kuipima. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataka dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, baadhi yake ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi, tuseme nyumbani na shuleni. Mtoto anayechezacheza kipindi cha saba, dawati moja wakiwa watatu, jua likiwa limekaa juu ya bati, anaweza kuwa na sababu za kutosha zisizohitaji daktari.

Wanaotafsiri maandishi ya afya ya watoto wananiuliza mara kwa mara kama wanaweza kutumia utukutu kwa dalili ya kutotulia. Jibu langu limebadilika. Zamani nilisema ndiyo, kwani ndilo neno letu halisi, limejengwa vizuri, na linasema hasa kinachosemwa. Siku hizi nasema andikeni mwili usiotulia, au hawezi kukaa akatulia. Mzazi akisoma utukutu kwenye karatasi ya kliniki, anarudi nyumbani na fimbo. Ni hasara kubwa kwa lugha kumnyima mtu neno lake zuri, lakini karatasi ya kliniki inaandikwa kwa ajili ya mzazi atakayeisoma leo.

Pengine neno bado linatumika bila kumwumiza mtu, na huko nawasihi waandishi wasiliogope. Kwenye viungo vya mwili limebaki na maana yake safi: macho matukutu, vidole vitukutu, mkono mtukutu unaozungusha kalamu. Kwa wanyama vilevile. Tumbili watukutu juu ya paa la banda ni maelezo kamili, nawaona wanavyoruka, wanavyokaa nusu dakika, wanavyokunana wakaruka tena. Kwenye ngeli ya nomino zisizobadilika hakuna kiambishi, ni akili tukutu, na hii naipenda kupita zote: akili inayorukaruka kutoka wazo hadi wazo kabla ya la kwanza kupoa. Mtu anaweza kusema "nina akili tukutu usiku" na hakuna atakayemtafutia shule ya maadilisho.

Onyo moja la kikazi. Herufi moja tu ndiyo inayoitenga -tukutu na -tukufu, na kwenye kibodi ya simu t imekaa juu kidogo ya f. Nimewahi kuukuta mwezi wa Ramadhani umeandikwa "mwezi mtukutu" katika tangazo lililokuwa tayari kwenda kiwandani kuchapwa nakala mia kadhaa. Kompyuta haiwezi kulikamata kosa hilo, kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi. Nilimpigia simu msimamizi wa uchapaji saa tano usiku, na tangu hapo kila penye Mtukufu, Kurani Tukufu au mwezi mtukufu ninatia kidole juu ya herufi na kuisoma kwa sauti.

Ile ripoti ya mpwa wangu dada aliijibu. Pale mzazi anapotakiwa kuandika, tulikaa wote wawili tukatafuta maneno, na hatimaye akaandika kwa kalamu ya buluu: "Mwanangu hutukuta anapokaa muda mrefu. Naomba mwalimu aniambie ni katika vipindi vipi." Wiki iliyofuata lilikuja jibu kwenye daftari, mwandiko ule ule wa mwalimu, safari hii umerefuka kidogo. Ni kipindi cha mwisho, aliandika, na hasa siku za Ijumaa, na kwamba asubuhi hana tatizo naye, humaliza kazi kabla ya wenzake kisha akaanza kugeuka nyuma.

Jumapili hiyo nilikwenda kuwasalimu. Mtoto alikuwa uani, mama amempa mbuzi na nazi mbili za kukuna. Alikalia kile kibao, magoti mawili yamekibana, mikono ikizungusha kifuu kwenye meno ya chuma, na machicha meupe yakidondoka kwenye sinia. Miguu yake haikusogea. Mama alinitazama, akamwelekezea mdomo, akasema kwa sauti ya chini asimkatize, "Unaona, ametulia."